Dawa ya magugu na bata wa bondeni

SWALI: Ninalima mpunga katika Bonde la Kilombero. Tangu tuanze kupulizia glaifoseti kusafisha mashamba kabla ya kupanda, bata maji wenye vifaranga wamepungua katika madimbwi ya jirani, ingawa sijaokota hata mzoga mmoja. Je, dawa hii ndiyo inayowaua? – Msomaji, Ifakara

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo habari ya mizoga ni muhimu. Glaifoseti hukaba kimeng'enya ambacho mimea inacho na wanyama hawana, kwa hiyo ni nadra bata mzima kufa kwa kipimo cha kawaida cha shambani. Ungeokota ndege wengi kwa mpigo, tungeshuku sumu ya wadudu, kama kabofurani iliyotumiwa kutega ndege wa kitoweo huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, na tungekusihi usiwaguse wala usiwale.

Tunachokishuku zaidi ni njaa. Katika majuma yake ya mwanzo, kifaranga wa bata hakui kwa mbegu na majani matupu. Huhitaji protini, na huipata kwa kudonoa mabuu ya wadudu na konokono wadogo walionata kwenye mashina yaliyozama majini. Magugu ya ukingoni yakikauka, mabuu hukosa makao, vifaranga hukosa pa kumkwepa mwewe, na majani yanayooza humaliza oksijeni ya dimbwi. Mama huwahamisha wanawe, au huwapoteza mmoja mmoja bila mtu kujua. Ukame na mifugo navyo huleta hali hiyohiyo, hivyo linganisha na madimbwi yaliyo mbali na mashamba yanayopuliziwa kabla ya kuihukumu dawa.

Tena, dawa si glaifoseti peke yake. Aina nyingi huchanganywa na kitu mfano wa sabuni ili zishike majani, na hicho huunguza matamvua ya samaki na viluwiluwi. Mwaka 2005, Rick Relyea wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, alichapisha matokeo ya kumwaga dawa ya namna hiyo moja kwa moja katika madimbwi ya majaribio: aina mbili za viluwiluwi ziliteketea kabisa.

Acheni ukanda usiopuliziwa kando ya maji, na msipulizie upepo unapoelekea dimbwini au mvua inaponyemelea. Bomba lisisuuzwe mferejini, jambo ambalo wengi hulifanya kwa mazoea. Maji ya kusuuzia yanyunyizwe palepale shambani, mbali na mkondo.