Kabla Hujasema Mtoto Kafeli, Soma Matokeo Yake

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haitulii. Nafundisha tuisheni ya wanaorudia mtihani hapa Makorora, Tanga, na wazazi hunipigia na maneno yaleyale: "Mwalimu, mtoto kafeli." Nikiuliza kafeli vipi, wengi hawajui. Wameambiwa na jirani, au wameona divisheni kwenye simu ya mtu, basi.

Neno hili tumelitoa kwa Waingereza, na kwao lina kazi nyingi. Figo zikishindwa kuchuja, zimefeli. Benki ikishindwa kulipa wateja, imefeli. Hata mtu ambaye hakufika tu kwenye miadi husemwa kwa neno hilohilo, na hakuna anayeangua kilio. Sisi tukilitamka juu ya mtoto inakuwa ndiyo basi tena, kama vile kuna kufeli kwa aina moja.

Mzazi mwenzangu, fungua tovuti ya Baraza la Mitihani, tafuta shule na namba ya mtoto, usome somo kwa somo. Mama mmoja wa Mabawa alinijia analia, binti yake kapata divisheni foo, yaani daraja la nne, ya pointi 29. Tukasoma pamoja: Kiswahili C, Uraia D, Historia D, Kiingereza D, Baiolojia D, Jiografia F, Hisabati F. Masomo matano amefaulu! Kozi nyingi za astashahada vyuoni zinataka D nne zisizo za dini, kwa hiyo huyo binti vyuo alikuwa navyo mkononi. Alichokikosa ni kidato cha tano, maana huko zinatakiwa C tatu. Na kama anakitaka, harudii masomo yote saba. Anarudia Historia na Kiingereza, akipata C zote mbili anaweza kuomba HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kwenye shule za binafsi.

Ukiona ABS, hiyo maana yake hakuonekana kwenye chumba cha mtihani. Muulize kulikoni kabla ya kumgombeza.

Sifuri, yaani divisheni ya mwisho kabisa, chini ya foo, ndiyo inayotaka subira. Wote wenye sifuri huwekwa kapu moja, na mimi nimejifunza kuwatenganisha kwa njia nyepesi: namwambia aniambie somo kwa Kiswahili. Kijana mmoja wa Pangani alikuja na F ya Historia. Nikamwomba anieleze vita vya Abushiri. Akaanza na kampuni ya Wajerumani ilivyopandisha bendera yake Pangani mwaka 1888, akaeleza kwa nini watu walikasirika, akaenda mpaka Abushiri aliponyongwa palepale Pangani Desemba 1889. Hakubabaika hata mara moja. Nikamwandikia swali hilohilo kwa Kiingereza, kalamu ikabaki juu ya karatasi. Huyo somo analo, kilichomwangusha ni lugha. Amesoma msingi kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza kila kitu kikageuka. Mtoto kama huyo usimkaririshe notsi upya. Mwache asimulie kwa Kiswahili, kisha mkae naye mgeuze yale yake kuwa sentensi fupi za Kiingereza, kila siku, pamoja na yale maneno ya maswali yanayotaka ataje, aeleze au alinganishe. Inachosha, lakini ndiyo inayofanya kazi.

Yupo mwingine ambaye hata kwa Kiswahili haelezi, anasoma kwa kudonoa herufi. Huyo usikimbilie kumlipia mtihani, aanze na kusoma. Na kama mikono yake ni ya ufundi, VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, wanapokea hata waliomaliza darasa la saba. Naomba tu usimpeleke huko kama adhabu. Nimeona vijana wakiacha njiani kwa sababu nyumbani chuo kilitajwa kwa dharau.

Tena hata sifuri yenyewe hupangwa na watu. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipewa sifuri. Mei serikali ikayafuta, ikaagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Majibu yalikuwa yaleyale waliyoandika, lakini wapo waliotoka kwenye sifuri wakiwa wamekaa nyumbani. Fikiria aliyekuwa ameshatimuliwa kwao ndani ya miezi hiyo mitatu.

Ukishajua kafeli nini, usikae. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, yaani wanaofanya mtihani nje ya shule, hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini. Aende kwenye kituo na namba yake ya mtihani wa kwanza, akiwa ameshachagua masomo. Kijana mwenyewe ndiye achague. Wewe kaa pembeni umsikilize sababu zake, na ada uitenge mapema.