Ukisoma Jiwe la Kirumi, Anzia Chini

Wewe unayeanza kusoma maandishi ya mawe ya Kirumi, nikupunguzie safari. Mimi muhula wa kwanza nilijaza daftari zima vyeo vya makaizari, nikajiona bingwa. Siku moja mwalimu akagusa mstari wa mwisho wa jiwe: "Na hili kalilipia nani?" Sikuwa na jibu.

Mistari ya juu ni sifa, na hufanana jiwe hadi jiwe. Zikariri upesi: IMP (imperator, jemadari), CAES (Caesar) na AVG (Augustus), majina ya cheo cha kaizari, na PONT MAX (pontifex maximus, kuhani mkuu). TRIB POT (tribunicia potestas, madaraka ya mtetezi wa raia) tu usiipite mbio. Ni madaraka yaliyohesabiwa upya kila mwaka, kwa hiyo namba inayoifuata ndiyo kalenda yako. Kwenye lango dogo la Forum Boarium, soko la ng'ombe la Roma, Kaizari Septimius Severus ana XII, yaani mwaka wa kumi na mbili wa madaraka hayo. Basi tuko mwaka 204 BK.

Sasa shuka chini uwakute wenye fedha: argentarii et negotiantes boarii huius loci, wabadilisha fedha na wafanyabiashara wa ng'ombe "wa mahali hapa". Hayo maneno huius loci nayapenda kuliko sifa zote za juu. Watu wa soko wanamsifu kaizari, huku wakihakikisha soko lao limetajwa.

Usidhani vyama vya watu wa kazi moja kama hawa viliishi kwa kusifu. Walikula pamoja, na vingi vilizika wanachama wao. Aliyekulia karibu na chama cha kufa na kuzikana ataelewa haraka. Mafundi ujenzi wa Ostia, bandari ya Roma, fabri tignuarii, mwaka 198 walichonga orodha ya wanachama wapatao 350 chini ya jina la Severus huyohuyo. Kaizari kapewa mistari michache, wao wamejaza jiwe.

Ukiona L D D D (locus datus decreto decurionum), ni kibali: nafasi imetolewa kwa azimio la madiwani. Naam, hata kumsifu mtawala kulihitaji kiwanja.

Halafu beba tochi. Imulike kutoka ubavuni, si usoni, ndipo utaona palipobonyea kwa kufutwa. Mimi niliwahi kunakili mstari mzima bila kujua umechongwa juu ya mwingine. Kwenye lango lile la Forum Boarium, Caracalla, mwana wa Severus, alipokwisha kumuua mdogo wake Geta mwaka 211, jina la marehemu lilikwanguliwa na sifa nyingine zikajazwa mahali pake. Picha iliyochongwa ndani ya lango haikujazwa kitu. Severus na mkewe Julia Domna bado wanatoa sadaka, na pembeni yao, aliposimama mtoto wao Geta, pana jiwe tupu.