Kabla ya kuchuma, tafuta mwiba

Likizo ikifika, watoto wengi wa Goma hupelekwa kwa ndugu zao upande wa Rutshuru, na huko hawaachi tunda jeusi la porini. Mimi nimekulia kwenye uwanda huo nikichunga mbuzi. Wazazi, naomba mjue mtandamboo, ambao wengi kwetu huuita umunyonza: kichaka kisichopukutisha majani hata kiangazi kikikaza, kinachoota hata penye makoro (mawe ya volkano) na kokoto.

Matunda yake ni matamu na hayana shida. Shida ni msunguti, mti wa ukoo huohuo. Yote miwili ina majani mazito yanayong'aa, yaliyokaa mawilimawili yakitazamana, maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu tamu, na matunda ya zambarau yakiiva. Ukivunja tawi, yote miwili hutoa maziwa. Kwa hiyo anayekuambia umtambue mtandamboo kwa maziwa anakupoteza. Na sumu ya msunguti ndiyo wawindaji wa Afrika Mashariki walipaka kwenye mishale. Hushika moyo wenyewe.

Alama ninayoiamini ni mwiba. Mtandamboo una miiba migumu iliyonyooka, inayotoka pale majani yanapoanzia. Msunguti hauna hata mmoja. Lakini usiishie kwenye ncha ya tawi, kwani machipukizi laini ya mtandamboo huenda hayajatoa miiba. Rudi nyuma kwenye matawi yaliyokomaa. Tena vichaka vya porini husukana, mwiba ukawa wa huyu na tunda la yule. Shika tawi lenye tunda, ulifuate kwa mkono hadi kwenye shina lake. Hapo ndipo watu wengi hawana subira, nami nasisitiza hapo hasa.

Majani ya msunguti kwa kawaida ni makubwa na magumu zaidi, ila kivulini hata ya mtandamboo hupanuka, basi yasikuamulie peke yake. Wala anachokula mbuzi kisiwe kipimo chako.

Vijiti vya brosheti (mishikaki) navyo visikatwe ovyo porini: mti wa msunguti una sumu pia, si matunda tu.

Mtoto akila tunda usilolijua, usingoje atapike. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe tawi lenye majani na matunda ili daktari aone alichokula.