Bwawa Dogo la Oasis Lina Majira Yake

Mara ya kwanza tulipofika Oasis, watoto walishuka garini na malapa wakakimbilia majini. Hawakufika. Mbigiri ziliwadaka katikati ya njia, kilio kikaanza. Nilipoinama kuzichomoa nilishangaa, maana nilizijua: mbigiri zilezile za kwetu Kigoma, mmea uleule unaotambaa chini, ua la njano, mbegu yenye pembe kali, umeota kwenye mchanga wa New Mexico, Marekani. Ilikuwa Julai, saa 7 mchana, joto limepita nyuzi 37. Tulikaa saa mbili chini ya mti na hatukupata hata samaki mmoja. Mama watoto akaniuliza taratibu, "Baba watoto, hapa tumefuata nini?"

Swali lile lilinikaa. Nimerudi pale mara nyingi tangu siku hiyo, na leo nikipata siku mbili za mapumziko kiwandani, moyo wangu unaelekea huko. Bwawa ni lilelile. Nilichokuwa sikijui ni majira yake.

Nawaandikia hasa ndugu zangu tunaoishi Texas, kwenye miji ya Amarillo, Lubbock na ya jirani, Watanzania, Wakongo, Warundi, wengi wetu tukiwa kwenye viwanda vya nyama, zamu za usiku, miguu imesimama juu ya sakafu ya baridi saa nane au kumi. Wengi tumekulia kando ya ziwa. Hapa tunaweza kumaliza mwaka mzima bila kuona maji yoyote zaidi ya yale ya bomba. Hilo linamchosha mtu kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Oasis ni hifadhi ya jimbo, ndogo. Usije na picha ya Serengeti kichwani. Eneo lote halifiki ekari 200, na bwawa lenyewe ni kama ekari tatu. Unalizunguka lote kabla chai haijachemka. Lipo kati ya miji ya Clovis na Portales, mashariki kabisa mwa New Mexico, kwenye uwanda mkavu ambao Wahispania waliuita Llano Estacado. Pembeni kuna vilima vya mchanga na vichaka vifupi, na katikati yake imesimama mipopla mirefu, majani yake yakitikisika hata upepo ukiwa mdogo. Mlowezi mmoja alianza kuipanda mwaka 1902. Hifadhi ilikuja baadaye, mwaka 1961. Kila ninapokaa chini ya kivuli kile namfikiria mtu yule, akimwagilia miche mchangani, bila hakika kwamba yeyote angekuja kukaa chini yake.

Sasa majira, maana hapa ndipo nilipokosea.

Baada ya ile safari ya Julai nilimsimulia mzee mmoja wa Uvira, Kongo, tunayefanya naye kazi, mtu aliyevua Tanganyika tangu utotoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa Kiswahili chao, "Mtoto wangu, maji iko moto sana. Samaki iko chini, analala. Wewe ulienda saa ya watu, haukuenda saa ya samaki." Nilimwambia, "Nimekusikia, mzee," na kweli nilimsikia. Bwawa dogo, lisilo na kina kirefu, halina pa kuficha joto. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zaidi ya 1,400. Jua la mchana ni habari ya juujuu tu kwake. Bwawa la ekari tatu jangwani hupata moto haraka, na maji yakipata moto hewa ya oksijeni iliyomo hupungua, samaki wanalegea na hawataki chakula.

Ndiyo maana bwawa hili lina samaki wa aina mbili kwa misimu miwili. Miezi ya baridi idara ya wanyamapori ya jimbo huleta trauti kwa lori na kuwamwaga humo. Ndugu wa Kenya watamjua trauti, yule samaki wa mito ya baridi inayoshuka Mlima Kenya, aliyeletwa na Waingereza enzi za ukoloni. Trauti hawezi kiangazi cha hapa. Kiangazi ni zamu ya kambare, ambaye huvumilia joto. Lakini hata kambare anataka alfajiri au magharibi, si saa 7 mchana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu chukua huu: nenda Februari, siku ya katikati ya wiki, ufike jua linachomoza. Sisi tunaofanya zamu tuna bahati hiyo, kwamba mapumziko yetu mara nyingi huangukia Jumanne au Jumatano. Siku za wikendi ukingo hujaa, na kwenye maji madogo kiasi hicho mishipi inapandana. Jumanne moja ya Februari tulikuwa sisi na mzee mmoja mwenye kofia pana upande wa pili, basi. Binti yangu alivuta trauti wake wa kwanza, urefu kama wa kiganja na nusu, ubavuni ana mstari wa rangi ya waridi. Alimshika kwa mikono miwili, akanyamaza kabisa. Mimi baba yake sikuwa nimewahi kumwona amenyamaza vile tangu tuhamie nchi hii.

Vifaa usivihangaikie. Ufito mmoja wa bei nafuu wenye gurudumu la mshipi unatosha. Kwa trauti tumia mshipi mwembamba, ndoano ndogo ya namba 10 au 12, chubwi dogo sana na kiboya, chambo kikining'inia katikati ya maji. Minyoo inafanya kazi, hata punje za mahindi ya kopo. Kwa kambare ondoa kiboya, ongeza chubwi, acha chambo kilale chini. Maini ya kuku yanamvuta kwa harufu. Angalia tu unapomshika: kambare wa huku ana miiba mikali kwenye pezi la mgongoni na yale ya mbavuni. Mweke kiganja kutoka nyuma ya mapezi, polepole. Anayechomwa anakumbuka wiki nzima.

Kuhusu leseni naomba tuelewane vizuri, maana nimeona familia ya watu wetu ikisimamishwa ukingoni na askari wa wanyamapori, baba akieleza kwamba anayo leseni, na ni kweli alikuwa nayo, ila ya Texas. Leseni ya Texas haivuki mpaka. New Mexico wanataka ya kwao kwa kila mwenye miaka 12 na kuendelea. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini anavua bila leseni. Kwa wageni wa jimbo ipo ya siku moja, ya siku tano na ya mwaka, na wenye miaka 18 na zaidi huongezewa ada ndogo ya lazima. Inanunuliwa kwenye intaneti. Inunue usiku ukiwa nyumbani, uipige picha kwenye simu. Mwaka wao wa leseni huanza tarehe 1 Aprili na kuisha 31 Machi, kwa hiyo ukinunua ya mwaka mzima mwezi Februari umenunua ya wiki chache. Idadi ya samaki nayo ina kikomo, kwa trauti kawaida ni 5 kwa mtu kwa siku, na ubao uliopo pale hueleza masharti ya bwawa hilo. Usome wote. Wengi wetu tuna karatasi za uhamiaji ambazo hatutaki ziguswe na jambo lolote, hata dogo la samaki. Hifadhi yenyewe ina ada yake ya kuingia, tofauti na leseni.

Na kuogelea hairuhusiwi. Waambieni watoto mkiwa bado njiani, msingoje wafike wayaone maji.

Mwezi mmoja siushauri hata kidogo: Aprili, na Machi ya mwisho iko karibu nayo. Upepo wa uwanda ule majira hayo hunyanyua mchanga ukakuchapa usoni kama mtama unaopepetwa, mshipi hauendi unakoutuma, na moto mara nyingi hukatazwa. Kiangazi kina hatari nyingine. Mchana wa Julai na Agosti mawingu hujikusanya upesi, na kwenye tambarare kama ile wewe na ufito wako ndio kitu kirefu. Ukisikia ngurumo ya kwanza, laza ufito chini, watoto waingie garini. Nyoka wenye njuga mkiani pia wapo vichakani wakati wa joto. Ukitembea vilimani vaa viatu vya kufunika, usitie mkono mahali usipopaona. Viatu hivyo vitakuokoa na mbigiri pia. Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu hewa ile kavu hukausha jasho kabla hujaliona, nawe unadhani hujatoka jasho.

Njia ni nyepesi. Kutoka Amarillo shuka hadi Canyon, shika barabara ya 60, pita Hereford ambako utasikia harufu ya mazizi ya ng'ombe kabla hujauona mji, halafu Friona, Bovina, Farwell, unavuka mpaka kuingia Clovis. Treni ndefu za mizigo zitakusindikiza karibu njia nzima. Mwanangu mdogo huhesabu mabehewa hadi anasinzia. Kutoka Clovis fuata uelekeo wa Portales, ushike barabara ya 467 ambayo hupita kando ya kambi ya jeshi la anga. Ni mwendo wa saa mbili hivi. Kumbuka ukivuka mpaka saa inarudi nyuma: ukiondoka Amarillo saa 12 asubuhi, unafika saa 1 ya kwao, jua ndiyo kwanza linatoka.

Trauti wenu msibebe hadi nyumbani wote. Magamba yake ni madogo hivi kwamba hayahitaji kuparwa. Mpasue tumbo, mwoshe, mtie chumvi, limau na pilipili ya kusaga, umweke juu ya mkaa kwenye majiko ya pale kama moto haujakatazwa. Sisi hubeba ugali uliopikwa asubuhi, umefungwa kwenye taulo ndani ya hotipoti. Mama watoto ndiye aliyeanzisha jambo hilo, na tangu siku ile hajauliza tena tumefuata nini.

Mkishiba mapema, kabla ya kurudi piteni Blackwater Draw, iko kwenye barabara hiyohiyo ya 467. Mwaka 1929 kijana wa huko aitwaye Ridgely Whiteman aliona mifupa na mawe yaliyochongwa, na uchimbaji uliofuata miaka ya 1930 ulionyesha kwamba watu waliwinda mamothi pale, yule mnyama mkubwa wa kale wa jamii ya tembo, yapata miaka 13,000 iliyopita. Vichwa vyao vya mikuki vimepewa jina la mji wa Clovis. Chuo kikuu cha Portales ndicho kinachopatunza. Zamani zile palikuwa na chemchemi na bwawa, na wanyama walikuja kunywa. Nilipowaeleza watoto, binti yangu aliuliza kama watu wale nao walikuja na watoto wao. Nikamwambia nafikiri ndiyo, wangewaacha wapi.

Na kama ni majira ya baridi, jioni inapokaribia tazama juu. Korongo wa kijivu hupita kwa makundi wakirejea kulala kwenye maji ya chumvi ya Grulla, kusini-mashariki mwa Portales. Jina hilo lenyewe ni korongo kwa Kihispania. Utawasikia kabla hujawaona, sauti ya kukwaruza kutoka mbali sana. Huwa tunazima gari na kufungua vioo mpaka wote wapite. Halafu tunanunua karanga za Portales, zile za Valencia zenye ngozi nyekundu zinazolimwa huko, nazikaanga nyumbani kesho yake kwa chumvi na maji kidogo, kama alivyokuwa akifanya marehemu bibi yangu.