Maswali yenu: Ziwa lenye wenyewe wanne na mlango mmoja

*Shikamoo. Shuleni tumefundishwa kwamba bahari inapanda. Ndiyo sababu na Ziwa Tanganyika limepanda? (Mwanafunzi, Kasulu)*

Marahaba, mwanangu. Hapana, ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo bahari haiwezi kulifikia. Bahari inapanda kwa sababu maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu inayeyuka na kuingia humo. Kati ya 1901 na 2018 ilipanda kama sentimita 20. Tanganyika hupanda mvua na mito inapoleta maji mengi kuliko yanayoondoka. Na yanaondokaje? Sehemu kubwa sana hugeuka mvuke kwa jua. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie upande wa Kongo. Ndiyo maana likishajaa halishuki kwa kiangazi kimoja. Wazee wanaokumbuka maji ya miaka ya 1960 watakwambia walivyosubiri.

*Vichanja vyangu vya dagaa vilizama, nikasogea juu. Sasa naambiwa niondoke tena kwa sababu ya mita 60. Nani anapanga haya, na sisi anatusikiliza nani? (Mama mchuuzi, Kibirizi)*

Pole sana, mama. Mita 60 zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayozuia, ndani ya mita hizo, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo wa ziwa, mto au bahari. Sheria hiyo naiunga mkono. Lakini ukingo wenyewe ukihama, zinapimwa kuanzia wapi? Ukipima kiangazi cha mwaka wa maji machache, utamruhusu mtu ajenge mahali ambapo ziwa litarudi. Mimi naona zipimwe kuanzia pale maji yalipowahi kufika juu kabisa, na vigingi vipigwe mchana kweupe, wenye mwalo (pale mitumbwi inaposhushia samaki) wakiwepo.

Wanaohusika ni wengi, na hapo ndipo mambo yanapokwama. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika inapima kina, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatabiri mvua, halmashauri inagawa viwanja, NEMC inasimamia mazingira, bandari ina gati zake. Kila mmoja ana daftari lake. BMU ya mwalo wako, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, ndiyo inayojua wimbi la usiku linafika wapi, nayo aghalabu huitwa mwishoni, kupewa taarifa. Inapaswa kuitwa mwanzoni. Tena kichanja cha miti si nyumba ya tofali: kinang'olewa na kuhamishwa. Anayekiwekea masharti yale yale ya ghorofa hajawahi kuanika dagaa. Dai hilo lipelekeni kwa maandishi kupitia BMU, na nakala iende kwa mtendaji wa kata.

*Babu anasema zamani maji yalifika karibu na mwembe wa Livingstone. Kweli? (Ujiji)*

Babu yuko sahihi. Stanley alipomkuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871, ufuko ulikuwa karibu. Leo kutoka kwenye mnara wa kumbukumbu yao hadi majini ni mwendo wa kutembea. Miaka ile mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na majani, ziwa likajaa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizibo kilisombwa, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Hebu fikiria: tope lililo Kalemie ndilo lililoamua ufuko wa Ujiji uwe wapi.

*Hizi nchi nne zina chombo kweli, au ni mikutano tu? (Kigoma Mjini)*

Chombo kipo. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilitia saini mkataba wa ziwa jijini Dar es Salaam Juni 2003, na kutokana nao ikazaliwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, makao yake Bujumbura. Kwamba makubaliano ya pamoja yanaweza kushuka hadi kwenye mtumbwi tuliliona mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa upande wetu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Iliuma, lakini ilitekelezeka.

Kwa kina cha maji bado sioni uthabiti huo. Kabla ya mvua za 2020 kilio kilikuwa ziwa kushuka, na Tanzania na Kongo zilikuwa zikizungumzia banio pale Lukuga ili kuzuia maji. Kisha maji yakaja: Aprili 2020 Mto Ruzizi uliifurika Gatumba, nchini Burundi, na watu wakakosa makao. Banio lisiloweza kufunguliwa lingetuumiza sote. Na ukiuchimba mlango uwe mpana, walio chini ya Lukuga watapokea mafuriko yetu. Kwa hiyo kwanza nchi zote nne zisome kina kwa kipimo kimoja na kupeana namba kila wiki, ndipo zikubaliane ni kina gani kinachofungua na kipi kinachofunga.

*Sisi Urambo tuko mbali. Mafuriko ya Kigoma yanatuhusu nini? (Mkulima wa tumbaku)*

Mto Ugalla unapita kwenu, unaingia Malagarasi, na Malagarasi inaingia ziwani. Miombo ikikatwa kwa ajili ya mabani ya kukaushia tumbaku, mvua haizami ardhini, inakimbia na udongo. Maeneo oevu ya Malagarasi na Moyowosi hupunguza kasi hiyo, ila nayo yana kikomo. Panda miti ya bani lako mwenyewe.

*Dar na Pangani walijengewa kuta. Mbona Kigoma hatujengewi? (Katonga)*

Kuta za Barabara ya Barack Obama, Kigamboni na Pangani zilijengwa na Serikali kwa msaada wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na fedha za kimataifa za tabianchi. Ukuta unafaa penye gati au barabara isiyohamishika, na kwa bandari yetu ningeutetea. Ila ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, na ukuta mara nyingi humsukumia jirani wimbi.

Ukitaka kusaidia kabla fedha hazijaja, piga rangi kwenye jiwe au nguzo pale maji yalipofika, andika tarehe na mwaka, kisha mwite mtu wa Bodi ya Maji aje apime.