Barua kwa mwanangu asiyetaka kusimama mbele

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Mombasa hatujambo. Goti la babako limetulia, nyanyako anauliza kila Ijumaa kama umeongeza mwili, na yule paka wako amezaa tena juu ya kabati la vyombo, pale pale.

Ujumbe wako niliusoma ndani ya matatu nikitoka Nyali, nikaurudia nyumbani na miwani. Umeuliza jambo moja: onyesho la Juni la kundi lenu la ngoma ya tumbo limekaribia, mwalimu wenu huko Seattle amekupanga uongoze wanne wa mbele, nawe roho haitaki. Unataka kujua kama mtu anaweza kukataa kuongoza, akabaki kufuata siku zote, bila ya kuwakosea wenziwe. Kisha ukamalizia: "Si kila mtu ni wewe wa ile picha ya sebuleni, Mama." Hilo la picha ndilo lililonikalisha kitako kuandika.

Nitakujibu. Lakini kwanza niambie: huko kufuata, unafuata vipi? Umekuandika kama vile ni mahali pa kujificha, na mimi sikupata kuona pa kujificha katika mchezo ule. Anayefuata haangalii watu, wala haangalii miguu yake. Macho yako kwenye ubavu wa kulia wa mwenziwe aliye mbele: bega, kiwiko, nyonga. Ishara yenyewe ni ndogo, mkono kupanda au kichwa kugeuka, na huja mwisho wa hesabu inayopita, kabla ya hatua mpya kuanza. Ukiiona ikiwa imeshakuwa hatua, umechelewa na kila mtu amekuona. Na wakati huo vidole vinapiga matuazi, vile visahani vidogo vya vidoleni, kulia, kushoto, kulia, navyo havina ruhusa ya kusimama eti kwa sababu akili imehamia machoni.

Kwa hiyo ninalolisema siku zote, na babako amechoka kulisikia, ni hili: kiongozi ni anayeonekana mapema. Si hodari kuliko wote, si mrembo, si mwenye sketi ya yadi 25. Anayeonekana mapema, basi.

Na ndivyo mtindo ulivyotengenezwa. Watu wakiona tumbo linacheza hudhani limetoka Misri zima zima, lakini kupangana huku bila kujua hatua ijayo kumezaliwa San Francisco. Jamila Salimpour alikuwa na kundi lake la Bal Anat tangu 1968. Mwanafunzi wake Masha Archer akafundisha kwa njia yake mwenyewe. Kwa Masha akaingia msichana wa miaka 14, Carolena Nericcio, mwaka 1974, naye ndiye aliyekuja kuanzisha kundi la FatChanceBellyDance mwaka 1987. Jina la zamani la mtindo, American Tribal Style, waliliacha 2020. Mimi mdomo umeshalizoea, usinisahihishe kila nikikupigia. Nyonga wameichukua Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, mikono wameiazima kwa Wahispania, na blauzi ni choli, ile fupi ya Kihindi. Choli! Nimevuka bahari mbili kwenda kujifunza kufunga choli, na Wahindi wa Mombasa nimekaa nao ukuta kwa ukuta.

Lakini walichokitunga wao wenyewe, nami nawavulia kofia, ni ule mpango. Kiongozi anakaa pembe ya kushoto mbele. Wengine wanajipanga kulia kwake na nyuma, kila mmoja mahali ambapo hakuna kichwa cha mtu kinachomziba. Miili yote imegeuka kushoto kidogo, ubavu wa kulia ukiwaelekea watazamaji, ndiyo maana hatua nyingi huanza na nyonga ya kulia: hiyo ndiyo wanaoiona watu, na hiyo ndiyo wanaoiona wanaokufuata. Nyuma kabisa nusu duara ya wengine inapiga matuazi na vigelegele, ikisubiri zamu. Hakuna aliyekariri kitu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatua zinajulikana, mfuatano haujulikani. Ukitaka kuachia uongozi, mnazunguka duara, na mkifungua, aliyeangukia pembe ya kushoto mbele ndiye. Au mnaangaliana uso kwa uso na mwenzio anachukua. Au mnarudi nyuma nyote na wapya wanatoka.

Sisi chakacha yetu haina haja ya haya. Siku ya kupamba wanawake wanafunga leso kiunoni, wanaingia mmoja nyuma ya mwingine, na duara likishafungana, nani wa kwanza na nani wa mwisho? Unakata kiuno, unasogea, unatuzwa, unatoka ukitaka. Hakuna mwanamume mlangoni, hakuna jukwaa, kwa hiyo hakuna mbele. Mambo ya mbele na nyuma yalikuwa ya lelemama, ngoma ya vyama vya wanawake vilivyokuwa vikishindana. Nyanyako hadi leo ukimgusia vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada anakaa wima kitandani kana kwamba mashindano ni jioni hii, na yeye anasema aliyekuwa mbele siku zile ni yule aliyeweza kununua sare. Sijui kama ni kweli au ni wivu wa mamake aliomrithisha.

Haya, picha.

Unaijua ile. Mimi mbele, sketi ya rangi ya tende, mikono juu, uso umeinama kidogo. Wenzangu watatu nyuma. Umekua ukiiona, na babako kila mgeni akiingia humwambia, "Huyo ni Mama akiongoza Wamarekani." Shangazi yako husema uso umeinama kwa haya, maana nilikuwa nacheza mbele ya wanaume na bado nilikuwa mtoto wa mtaa wa Kibokoni, Mombasa. Mimi husema, "Ndiyo," nikaenda jikoni.

Ilikuwa Oakland, kando ya Ziwa Merritt, kwenye nyasi, miaka ile babako anasoma na sisi tuna lile gari la buluu ambalo habari zake unazijua. Alasiri ya mwisho wa kiangazi, jua limeshuka nyuma yetu upande wa kulia. Tulitoka wanne. Aliyeanza kuongoza alikuwa bibi mmoja wa nywele nyekundu, hodari kwelikweli, mkongwe kuliko sisi sote pale darasani. Ngoma ilikuwa ya kasi. Tukazunguka duara kama inavyotakiwa, tukafungua, na pembe ya kushoto mbele nikawa mimi. Yeye akaangukia nyuma kulia. Kwa kanuni, yamekwisha: mimi ndiye.

Nikapandisha mkono mapema, kama nilivyofunzwa. Nikaanza hatua. Sasa sikiliza, kwa sababu haya mambo hayaonekani kwenye picha. Mikanda yetu ilikuwa na sarafu, na nyonga nne zikitua pamoja sarafu hutoa mlio mmoja, cha! Mimi nikasikia milio miwili. Wa kwanza wangu, peke yake. Wa pili wa watu watatu, nusu pigo baadaye, mzito.

Nikangoja hesabu ya nane, nikatoa ishara nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Milio miwili tena.

Siwezi kugeuka. Ukigeuka umewaambia watu wote kwamba kumeharibika. Ndipo nikaangalia nyasi. Jua liko nyuma, vivuli vyetu vimelala mbele yangu, virefu, vinne, na vitatu vina mikono juu. Kimoja kina mikono chini, nacho ni changu. Kile cha mwisho kulia ndicho kilikuwa kikitangulia, na viwili vya katikati vinakifuata. Yule bibi hakuachia. Alikuwa nyuma, anaendelea kuongoza, na wale wawili walikuwa wamegeuza shingo kumtafuta yeye.

Basi nikafuata kivuli. Nilimsoma kiwiko kwenye nyasi: kikijikunja, najua mkono unapanda, nami napandisha. Ndani ya hesabu chache sarafu zikarudi kuwa mlio mmoja. Nimecheza wimbo uliobaki wote hivyo, mbele ya kila mtu, nikimfuata mtu aliye nyuma yangu, na babako akapiga picha. Uso haukuinama kwa haya, mwanangu. Nilikuwa nasoma.

Watu walishangilia sana. Mwalimu akasema, "Mmependeza." Yule bibi akanikumbatia, ana jasho, anacheka, akaniambia sikuwahi kuongoza vizuri vile. Nimelifikiria neno hilo miaka yote hii nikiosha vyombo. Alijua? Kama alijua, ule ulikuwa ufedhuli wa hali ya juu, na kumbatio juu yake. Kama hakujua, basi alidhani mimi ndiye niliyekuwa nikitoa zile ishara na yeye ananifuata kwa wakati, maana kutoka nyuma alikokuwa tulikuwa tunafanana. Huenda ni hivyo. Mtu aliyezoea kuongoza, mwili wake huendelea wenyewe, hata kichwa kikiwa kimekubali kwamba zamu imekwisha.

Usinione namtetea. Simtetei.

Na wale wawili wa katikati? Hao ndio wanaoniuma zaidi, nakwambia kweli. Kanuni ilikuwa machoni pao. Mimi nilikuwa mahali pa kiongozi, mkono umepanda kwa wakati, na bado shingo zikageuka. Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu usiku. Nasema kiongozi ni anayeonekana mapema. Kumbe aliyeonekana siku ile ni nani? Ni yeye, akiwa nyuma, akiwa kule ambako kwa mpango wenyewe haonekani. Kwa hiyo kwa kipimo changu yeye ndiye aliyekuwa kiongozi? Hapana, siwezi kukubali hivyo. Alionekana na watu wawili waliovunja shingo kumtafuta. Wa tatu hakuwa na jicho la kisogoni. Mpango unaomtaka mtu asome nyasi si mpango, ni bahati ya jua. Mawingu yangefunika tungekuwa kichekesho.

Lakini tena, wale wawili walikuwa na sababu. Walimzoea. Walijua mkono wake kama wanavyojua mlango wa nyumba zao, na mimi mkono wangu walikuwa bado wanauuliza. Mahali pa kusimama hapakupi macho ya watu, mwanangu. Macho wanakupa wenyewe. Hayo nayasema halafu nakasirika upya, kwa sababu watakuzoea lini kama kila ukifika pembe ile wanaangalia kwingine?

Sasa turudi kwako. Unasema unaogopa kwamba ukiwa mbele utasahau hatua. Hatua si kazi yako pale mbele, hilo ondoa. Ukiwa na hatua tatu tu unazozimiliki, zirudie, kwa mpango mwingine, na hakuna mtu kwenye viti atakayejua. Kazi yako ni kutoa ishara mapema na kuikamilisha. Usiinue mkono kisha ukabadili nia; nusu ya ishara ndiyo inayowaangusha watu. Kabla hujamjibu mwalimu, fanya hivi: siku ya mazoezi simama ile pembe, waombe walio nyuma waseme "naam" kwa sauti kila wanapoiona ishara. Usiwaangalie, sikiliza tu "naam" imekuja kabla ya hatua au baada. Ikija kabla, mambo sawa. Ikija baada, ongeza kiwiko. Na zikija "naam" mbili kwa nyakati mbili, mama, hapo uje tuzungumze, maana hapo ninayo mengi.

Na chunguza kundi lako. Duara likifunguka na mwingine akaangukia pembeni, aliyekuwa akiongoza anafanya nini? Anatulia? Shoga zako wanamgeukia nani? Hilo kwangu ni kubwa kuliko kama wewe utaongoza au hutaongoza Juni.

Leso mbili nimempa binti wa jirani anayesafiri huko wiki ijayo. Ya buluu ni yako, ile ya korosho nyekundu mpe mwalimu wako, na mfundishe kuifunga kiunoni vizuri isije ikamwangukia jukwaani. Ukicheza, mtu akurekodi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa upana, nione na walio nyuma. Zile video za kukatwa katwa na nyimbo kubandikwa juu sizitaki, sisikii sarafu.

Kuhusu kukataa: kanuni inakuruhusu. Nusu duara ya nyuma ina nafasi, na onyesho litakwenda. Wapo waliokaa pale maisha yao yote na wakaheshimiwa, kwa sababu kundi linahitaji macho mazuri kuliko linavyohitaji mikono mirefu. Hilo ni kweli, na ningesema hivyo hivyo kama ungekuwa mtoto wa mtu mwingine. Kwa mtoto wangu ninalo neno jingine, liko ncha ya ulimi, na babako ameketi hapa ananitazama, amenikataza nisiliseme kwa kuwa wewe ni mtu mzima na uamuzi ni wako. Leo nimemsikiliza. Ukiniuliza mara ya pili sitamsikiliza.

Mamako