Mwanangu, kuhusu hiyo bogenvilia ya langoni

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikiwa nimeshavua miwani, nikadhani mnahama tena. Kumbe ni bogenvilia. Unauliza kama ni kweli asemavyo mkwe wangu, kwamba hiyo ya langoni Syokimau ni mmea wa kigeni, na kwamba mkiung'oa mpande wa kienyeji hamtakuwa mmekosea.

Ni wa kigeni, ndiyo. Kwao ni Brazili. Lakini mkumbushe kwamba jakaranda nayo ni ya Amerika Kusini, na mahindi ya githeri anayoipenda asili yake ni Meksiko.

Mimi nilichokwama nacho ni jina. Unakumbuka yule mwalimu mstaafu aliyekuwa akinunua samadi kwangu Ngong Road na kukaa saa nzima? Ndiye aliyenisimulia. Bougainville, ambaye bogenvilia imeitwa kwa jina lake, alikuwa nahodha Mfaransa, aliyeongoza safari ya kuzunguka dunia kuanzia 1766 hadi 1769. Katika msafara wake alikuwemo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, na Commerson alikuwa na msaidizi, kijana hodari wa kubeba mizigo na kukwea vilima. Kijana huyo alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, amejifunga kifua na kuvaa kiume, kwa sababu wanawake walikatazwa kwenye meli za jeshi la Ufaransa. Walipotia nanga Rio de Janeiro mwaka 1767, Commerson alikuwa anaumwa mguu, kutembea ni taabu. Sasa nani alikwenda kuuchuma ule mmea? Wapo wanaoamini ni Jeanne, na mimi niko upande wao hata bila kuitwa.

Jina likaenda kwa nahodha. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo: ua huchukua jina la aliyeshika usukani, si la aliyechafua kucha.

Mwaka ule ulipofanya mtihani wa KCPE, nilikuwa na bogenvilia moja ambayo hujapata kuisahau, maana ndiyo iliyokuchana sare. Nilikuwa nimechomeka vijiti viwili kwenye mkebe mmoja wa mafuta ya Kimbo, kimoja cha rangi ya chungwa, kimoja cha zambarau, nikavisokota vikiwa bado laini. Miaka mitatu nasokota, hadi shina likawa kama msuko wa kichwani. Akaja bwana mmoja, kazi yake kupamba bustani za watu huko Karen, akalipa elfu mbili taslimu. Nikafurahi, nikanunua nyama.

Mwezi uliofuata akanipa kibarua cha siku moja, kumwagilia vyungu vyake kwenye maonyesho ya maua. Naingia na mkebe wangu wa maji, naiona. Kadi ya zawadi ya kwanza, na jina lake juu yake. Mama mmoja akamuuliza amefanyaje mpaka shina likawa vile. Akajibu, "Ni subira tu." Kisha mpiga picha akanigeukia: "Mama, sogea kidogo, unaziba ua."

Nikasogea.

Jioni ile ulidhani nimenunia alama zako za majaribio. Hapana.

Sasa, haki ni haki. Hakuniibia. Alilipa bila hata kubishana bei, na mtu akishanunua kitu chake anaweza kukiita apendavyo. Na angeandika nini kwenye kadi, "Mama wa Ngong Road"? Nimejiuliza hivyo miaka yote hii. Angeandika hivyo hivyo! Kuna ubaya gani? Aliyechafua kucha ni nani?

Jeanne naye alingoja. Mwaka 2012, zaidi ya miaka 200 baada ya kufa kwake, wataalamu waliupa mmea mmoja wa Amerika Kusini jina la Solanum baretiae. Ni wa jenasi moja na managu, mwanangu. Nahodha kapewa ua la malangoni, yeye kapewa ndugu wa mboga. Nilicheka, halafu nikaona labda ndiye aliyepata kilicho bora. Sijui. Siku nyingine naona wamemdhulumu mara ya pili.

Turudi kwenu. Unalalamika kwamba haitoi maua, majani tu. Mnaimwagilia kupita kiasi. Iacheni ione kiu, mtaona Januari na Februari jua likiwaka. Tena hayo mnayoyaita maua ni majani yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni kile kidude kidogo cheupe katikati, ambacho hakuna anayekitazama. Na kama mkwe wangu anataka cha kienyeji, asikimbilie gloriosa kwa uzuri wake. Kiazi chake kina sumu kali, na mjukuu wangu bado anatia kila kitu mdomoni.

Kung'oa au kutong'oa, huo ni ua wenu, mimi nina wangu. Nimeapa kutoingilia. Miiba inachoma, hilo simbishii. Ila miiba hiyo hiyo ndiyo inayowazuia wezi, na shina la unene ule si la mwaka mmoja, kuna mtu alilihangaikia kabla yenu. Basi, nimenyamaza.

Akishika panga, asichome matawi. Anikatie vijiti sita vya unene wa penseli, kabla mvua ya Machi haijaanza, avifunge kwenye gazeti lenye unyevu. Mikebe ninayo.

Mama yako